Walitutoa ukumbini kabla steringi hajaahidi kurudi

Juzi watu wa ukumbi mmoja wa sinema wamenitumia ujumbe tena: "Karibu, tuna ofa wiki hii." Namba yangu waliichukua siku niliponunua tiketi mbili, yangu na ya baba, na tangu siku ile sijakanyaga mlango wao. Nimeusoma nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi Kimara, hasira ikapanda kama jambo lenyewe limetokea jana. Jina la ukumbi naliacha, ila kilichotokea lazima nikiseme.

Ilikuwa kipindi kile imetoka No Time to Die, picha ya James Bond iliyocheleweshwa sana na corona. Baba yangu ni mtu wa Bond tangu ujana. Alikuwa karani bandarini, na hela yake ya mwisho wa wiki iliishia Empire, Avalon, Empress, na zaidi ya zote Drive-In ya Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani leo. Hata sasa ukimkalisha atakusimulia Roger Moore alivyovuka bwawa kwa kukanyaga migongo ya mamba, kwenye ile picha ya mwaka 1973, na atasimama akuonyeshe kwa miguu yake mwenyewe, goti bovu na yote. Mimi nimekulia kwenye mabanda ya video ya Tandika, Lufufu, yule msimuliaji wa picha za video, anatafsiri, vumbi na jasho, na kila mtoto pale aliijua sheria: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini anayezikwa ni adui.

Nikampeleka mzee na bajaji kutoka Temeke. Alivaa shati la Idi. Nisiwaonee watu hawa: viti vilikuwa vizuri, sauti inatikisa kifua, bisi za moto. Laiti ningeandika wakati wa mapumziko ya kwenda msalani ningewasifia.

Aliyeiona picha anajua inavyokwenda. Bond yuko kisiwani kwa adui, ana risasi mwilini, na mwili wake umetiwa sumu ambayo akimgusa mwanamke wake au mtoto wake watakufa. Makombora yanakuja. Anapanda juu, anaongea na mama wa mtoto kwa redio, makombora yanafika. Basi. Ukumbi mzima ulinyamaza. Mwanamke mmoja nyuma yetu alisema "Haiwezekani" kwa sauti ya mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Baba alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu nikiwa darasa la pili.

Majina yakaanza kupanda. Nikataka kuinuka, baba akanivuta. "Kaa. Wataandika kama atarudi."

Hili inabidi nilieleze, maana ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Picha za Bond za zamani zilikuwa na desturi: mwisho kabisa wanakuandikia kwamba James Bond atarudi, na mara nyingi wanakutajia mpaka picha inayofuata. Baba na wenzake walikuwa hawatoki mpaka waisome ahadi ile. Kwa hiyo mzee hakuwa amekaa kwa sababu amechoka au hajui picha imeisha. Alikuwa anangoja neno.

Taa zikawashwa. Akaja kijana mwenye sare, fagio mkononi. Hakuna shikamoo, hakuna samahani.

"Oya mzee, imeisha hiyo. Tokeni, kuna watu nje."

Baba akamjibu kwa upole, "Kijana, tunasubiri maandishi ya mwisho."

"Maandishi gani? Hayo si majina ya Wazungu tu, unamjua nani hapo?"

Akaanza kufagia bisi chini ya miguu yetu. Fagio likapita juu ya kiatu cha baba. Nikamwambia, mdogo wangu, huyu ni mtu mzima, tupe dakika tano tu. Hakunitazama. Alipaza sauti kwa mwenzake kule juu, na kioo kikazimwa majina yakiwa katikati. Picha nzima ni dakika 163. Mzee wa miaka zaidi ya sitini na goti lake alikuwa amezikalia karibu zote, wakamnyima zile chache zilizobaki.

Baba hakugombana. Alivaa kofia yake, akasema, "Twende mwanangu." Pale mlangoni nilimweleza msimamizi, akasema "Pole bosi, ndio utaratibu," macho yako kwenye simu. Utaratibu! Tulilipia picha nzima, hatukulipia picha kasoro mwisho.

Njiani nilimalizia hasira kwa waliotengeneza picha, na kwa kweli nilikuwa nazo za siku nyingi. Siku hizi wakimchukua steringi wa zamani lazima kwanza wamvunje. Superman wa mwaka 2013 anamvunja adui shingo kwa mikono yake, halafu anapiga ukelele wa majuto. Luke Skywalker wa Star Wars ya mwaka 2017 amejificha kisiwani, anapewa upanga wake anautupa nyuma ya bega. Hata Indiana Jones aliyekuja baadaye, mwaka 2023, mwanae amefia vitani, mke kamkimbia, yuko peke yake chumbani analalamikia kelele za majirani. Kana kwamba ushujaa ni deni, na mtunzi ametumwa kulidai. Nilimwambia baba siku ile kuwa hawa watu wanawaonea aibu mashujaa waliowalisha. Hakujibu. Alichosema siku zilizofuata, pale barazani kwa wenzake, ni kifupi: "Bond kamalizika. Hawakuandika."

Miezi mingi baadaye niliiangalia tena nyumbani, peke yangu, na hapa itabidi nirudi nyuma kidogo kwenye niliyosema. Bond hakuuawa na adui. Adui alikwisha kufa, kwa risasi ya Bond mwenyewe, kabla ya kombora la kwanza kutua. Na makombora yale ni ya Waingereza wenzake, aliyaita yeye. Alikuwa na nafasi ya kukimbia, milango ikajifunga, akarudi kuifungua ili makombora yapenye na sumu yote iteketee. Kwa sheria ya banda la video la Tandika, adui katangulia, steringi kamaliza kazi. Hakuna aliyemdhalilisha. Wenzake wanakunywa glasi kwa kumkumbuka, mama anamsimulia mtoto baba yake alikuwa nani. Nilimwonea wivu mtunzi kwa kuweza kulifanya lile bila kumtweza mtu. Kumbe kuna namna ya kumuua steringi kwa heshima, na wengine wote wangejifunza hapo.

Halafu sikuizima. Majina yakapanda mpaka yakaisha, na pale chini kabisa wakaandika kwamba James Bond atarudi.

Nilikaa kwenye kochi nikitetemeka kwa hasira. Ile ahadi ilikuwepo. Kwenye kioo kilekile, usiku uleule, dakika chache mbele ya lile fagio. Nilikuwa nimeanza kuwapunguzia makosa watu wa ukumbi, nikijisemea kijana ni mdogo, amechoka, ana zamu ndefu, viti vyao si vibaya, labda nyota tatu. Hapana. Nyota moja, na hiyo ni ya bisi.

Nilimpelekea mzee Temeke, nimeituliza picha kwenye simu pale penye maandishi. Alivaa miwani, akasoma polepole, mdomo unacheza. Akairudisha simu.

"Ilikuwepo palepale?"

"Ndiyo baba. Baada ya majina."

Akanyamaza muda mrefu, anasugua goti.

"Na yule kijana alikuwa anajua?"