Uzoefu wangu: majani makavu ya mkungu, mpera na mfenesi kwenye tangi la samaki

Nimetumia majani ya miti hii mitatu kwenye tangi la lita 80, na ninaourudia kila mara ni mkungu, yaani mti wa kungu (Terminalia catappa). Jani lake ni pana, linaachia tanini (kemikali ya mmea inayotia maji rangi ya kahawia) upesi, na siku ya pili au ya tatu maji yameshageuka rangi ya chai isiyo na maziwa. La mpera ni dogo na rangi yake ni hafifu, linafaa tangi dogo. La mfenesi ni gumu kama ngozi na linachelewa kuoza, kwa hiyo ninaliweka pale ninapotaka maficho ya vifaranga kuliko rangi.

Ila aina ya mti si kitu kikubwa kama hali ya jani lenyewe. Okota lililoanguka lenyewe, la kahawia. Mti kabla ya kuliachia jani hulinyonya sukari na sehemu kubwa ya naitrojeni. Jani bichi ulilochuma ukalianika bado limebeba vyote hivyo, na likiingia majini bakteria wanalivamia, maji yanakuwa na ukungu, oksijeni inashuka. Ukiona samaki wamepanda juu wanatwetea hewa, toa majani yote, badilisha robo ya maji na uongeze nguvu ya pampu ya hewa.

Usiokote kando ya barabara wala kwenye shamba linalopigwa dawa. Lenye madoa ya kuvu au kinyesi cha ndege liache hapohapo. Mwarobaini, mkaratusi na msonobari usiweke kabisa: wa kwanza una sumu ya wadudu inayoweza kudhuru uduvi, na hao wawili wana mafuta au utomvu.

Kukausha: suuza kwa maji matupu, bila sabuni, kisha tandaza kivulini penye upepo, yasilaliane, uyageuze kila siku. Yanachukua wiki moja hadi mbili. Kipimo changu ni kikonyo, maana ndicho kinachokauka mwisho. Kikunje: kikikatika kwa mlio, jani liko tayari, kikipinda, rudisha. Majani yaliyofungiwa na unyevu kidogo tu yanaota kuvu, na ndiyo maana mimi natumia mfuko wa karatasi badala ya plastiki.

Kiasi cha kuanzia ni jani moja kubwa la mkungu kwa lita 40. Loweka siku moja au mbili ili lizame. Kuchemsha dakika kumi kunalizamisha haraka zaidi, lakini tanini nyingi inabaki sufuriani. Kama kichujio chako kina mkaa, utoe, la sivyo mkaa huo utafyonza rangi yote na utadhani majani ni mabovu. Mdomo wa kichujio uvishe sponji, kwa sababu vipande vitaanza kumeguka.

Wiki ya kwanza jani huota utando mweupe kama pamba laini. Usiukwangue, ni chakula: uduvi na konokono wanaula, halafu wanaendelea na jani lenyewe mpaka inabaki mishipa mitupu kama kimia. Hapo, kwa kawaida baada ya wiki nne hadi nane, ninaongeza jipya kabla ya kutoa la zamani. Tope jeusi lenye harufu ya yai viza ni jambo jingine, hilo livute kwa mpira wa maji siku hiyohiyo.

Watu wengi wananunua majani wakitaka kushusha pH, yaani kuyafanya maji yawe na asidi zaidi. Kama maji yako ni magumu, yenye kaboneti nyingi, pH haitashuka hata ukijaza tangi, rangi tu ndiyo itakayobadilika. Pima ugumu kwanza. Wala jani si dawa: samaki mwenye vidonda anahitaji matibabu yake.

Kwa samaki wa maji laini kama betta na tetra ninayapendekeza bila kusita. Kwa samaki wa jamii ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi, wanaotaka maji magumu yenye pH ya juu, yaache.