Pl@ntNet na iNaturalist mbele ya mmea wangu wa kengele

Pl@ntNet na iNaturalist ni programu za simu za kutambua mmea kwa picha. Niseme mapema: kwa mtu mwenye bustani ndogo, simu ya kawaida na bando la kubana, Pl@ntNet inatosha kwa sehemu kubwa. iNaturalist inamfaa mwenye subira. Zote mbili nimezipima kwa mmea mmoja tu, uliojileta wenyewe kwenye ua wangu hapa Dodoma na kunikosesha raha.

Mmea huo una majani manene yenye maji, ya kijani cha majivu, yaliyokunjika katikati kama mtumbwi, na upande wa chini yana madoa ya kahawia. Pembezoni mwa kila jani vimejipanga vimiche vidogo vyenye vijizizi tayari. Ukiugusa na ndoo tu, vinapukutika, na kila kinapoangukia kinaota, hata kwenye ufa wa sakafu. Hakuna aliyeupanda. Uliingia na udongo wa chungu cha waridi la jangwani nililonunua kwa muuza miche wa barabarani. Mwezi wa sita shina likarefuka ghafla hadi kiunoni, na kileleni zikaning'inia kengele za rangi ya chungwa iliyoiva kuelekea wekundu. Nzuri, sikatai.

Majina hayakukosekana. Muuza miche alisema, "Hiyo alovera ya maua, dada." Mama wa nyumba ya pili akasema ni dawa ya presha, akaomba majani akachemshe. Mzee wa jirani, yeye ana mbuzi, na alikuwa amekwisha kuyapigia hesabu matawi niliyotaka kuyapunguza. Huwezi kumpa mtu kikombe wala mbuzi lishe kwa jina la kubahatisha, ndipo nikashika simu.

Programu ya kwanza niliyopakua naliacha jina lake. Iliniomba namba ya kadi ya benki kabla haijauona mmea, kisha ikataka malipo ya mwaka mzima. Nikaifuta.

Pl@ntNet ni bure. Ni kazi ya taasisi nne za utafiti za Ufaransa, yaani Cirad, INRAE, Inria na IRD, na programu yake ya simu ipo tangu 2013. Unapiga picha, unachagua umepiga kiungo gani (jani, ua, tunda, gome), kisha inakupangia majina na asilimia mbele ya kila moja. Ukibonyeza jina, unaona picha ambazo watu wengine wamechanga, ukalinganishe mwenyewe. Sehemu hiyo ya kulinganisha ndiyo ninayoipenda kuliko hata asilimia. Asilimia inakuambia tu picha yako inafanana kiasi gani na picha ambazo mashine imefundishwa nazo, na watu wengi huisoma kama cheti cha daktari.

Jambo la kuzingatia ni kwamba unaweza kuweka picha kadhaa za mmea uleule katika ombi moja. Jani peke yake liliniletea ukoo: Kalanchoe, majina matatu yakiwa yanakimbizana. Haki yake, maana hao ni ndugu wa damu. Nilipoongeza picha ya kengele kwa karibu na ya jani lililogeuzwa chini juu, jina moja likapanda juu ya mengine: Kalanchoe × houghtonii.

Ile alama ya × maana yake ni chotara, na kisa chake kinafurahisha. Wazazi wake wote wawili asili yao ni Madagaska. Mmoja, Kalanchoe daigremontiana, ana majani mapana yenye vimiche pembezoni. Mwingine, Kalanchoe delagoensis, ana majani membamba yaliyoviringika, na vimiche vyake viko nchani tu. Aliyewazalisha ni Arthur Duvernoy Houghton, huko California, miaka ya 1930, na jina rasmi la kisayansi chotara huyu alilipata 2006 tu. Ukijua hivyo, unaelewa kwa nini picha ya jani haimalizi ubishi: mtoto amechukua kwa baba na kwa mama. Angalia upana wa jani, angalia vimiche vimekaa wapi, angalia rangi ya ua.

Sasa iNaturalist. Hii ilianza 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na siku hizi ni shirika lisilo la faida. Nayo ina mashine ya kupendekeza jina, lakini nguvu yake ni watu. Unaweka picha, mahali na tarehe, na wanaojua wanakuja kukubali au kupinga. Kuna wataalamu wa mimea hii waliokaa huko wakingoja kubishana kuhusu kikonyo cha jani, Mungu awabariki.

Ila ujue utaratibu wao. Lengo ni viumbe vinavyoishi bila kupandwa. Mmea wa chungu au wa bustani unatakiwa kuuwekea alama kwamba umepandwa, na ukishaweka alama hiyo wachambuzi wengi hawauoni, kwa sababu orodha yao ya kawaida haiuonyeshi. Unaweza kungoja hadi maua yanyauke. Kwa bahati, mmea wangu ulikuwa umevuka uzio wenyewe na kuota kwenye mtaro wa maji ya mvua. Huo nikauwekea picha bila kudanganya mtu, na waliojibu walilithibitisha jina lilelile.

Tahadhari moja kwa akina dada hasa: picha inabeba mahali ulipo. Kabla ya kutuma, kwenye mipangilio chagua kuficha mahali. Ramani itaonyesha tu eneo pana, kama kilomita 20 kila upande, badala ya geti lako.

Jina likipatikana, mengine yanafuata. Mimea ya kundi hili ina sumu zinazoitwa bufadienolaidi, ambazo hushambulia moyo na tumbo, na kwa delagoensis maua ndiyo makali zaidi ya majani. Huko Australia, ambako ni magugu sugu, ng'ombe 125 walikufa mwaka 1997 karibu na mji wa Moree baada ya kula huyo delagoensis. Kwa hiyo mama wa nyumba ya pili sikumpa hata jani. Mtu mwenye presha kunywa kitu kinachochezea mapigo ya moyo, hapana. Kwa uamuzi huo jina la ukoo pekee, ambalo Pl@ntNet ililitoa kwa picha ya kwanza, lingetosha. Mabua nimeyakata kabla maua hayajaisha, nikayafunga na vimiche vyake kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani hadi vikaoza, maana ukivitupa jalalani umevipanda.

Pl@ntNet naipa nyota nne na nusu. Nusu naizuia kwa sababu nilipoipima ilitaka mtandao, na mtandao wa huku kwetu mchana una mambo yake. iNaturalist nne kwa mwenye mmea wa porini, tatu kwa mwenye chungu cha kibarazani.

Mzee wa mbuzi hakuridhika na habari za mashine. Alirudi na kijiti cha mnyaa kutoka kwenye uzio wake, akataka tuijaribu mbele yake. Nikapiga picha, jibu la kwanza, Euphorbia tirucalli, na picha za mnyaa zikajaa kioo. Akazitazama, akanirudishia simu. "Huo hata mimi naujua," akasema, "na sikutumia bando."