Makocha wa jimnastiki waliokuja shuleni kwetu, nawapa nyota nne

Mi ni mwalimu wa darasa la tatu na kipindi cha michezo kwangu miaka yote kilikuwa mpira, kamba na mbio, basi. Muhula huu shule ikaleta makocha wa jimnastiki, dada mmoja na kaka mmoja, mara moja kwa wiki kwa wiki kumi, na mi ndo nilikuwa naingia nao ukumbini kila wiki kwa hiyo niliyoyaona nimeyaona kwa macho yangu. Naandika kwa ajili ya walimu na wazazi wanaojiuliza kama hii kitu inawafaa watoto wa miaka 8 au 9. Inawafaa sana, ila angalia anayefundisha anaanzia wapi.

Siku ya kwanza watoto walikuja moto kabisa, wameambiwa ni sarakasi, kila mtu anataka kubinuka hewani. Dada kocha akawakalisha chini akasema leo tunajifunza kuanguka. Walinuna! Na haikuwa leo tu, ilikuwa wiki nne. Unaruka kutoka kwenye benchi fupi, unatua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele, alafu unaganda hapo hapo mpaka wenzako wahesabu tatu. Ukianguka kinyumenyume unajikunja mgongo uwe wa duara, kidevu kifuani, mikono unaikumbatia, hutangulizi viganja chini. Hapo ndo waliponishika mimi, sababu mwaka juzi nilimkimbiza mtoto hospitali mkono umevunjika, aliteleza tu uwanjani akawahi kujizuia kwa kiganja. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuanguka, hata mimi sikuwahi.

Kitu kingine ni viganja vyenyewe. Watoto wetu hawajazoea kubeba uzito wa mwili kwa mikono, na kwenye jimnastiki mikono inafanya kazi ya miguu, kwa hiyo kila kipindi kilianza na kuzungusha viwiko na vifundo vya mikono, kisha kutembea kama dubu, kama kaa, kuruka kama chura. Wao wanaona mchezo, kumbe mabega yanajengwa taratibu ya kuja kusimama kwa mikono baadaye.

Nitawaambia kuhusu binti mmoja. Anaogopa kubiringika mbele, ikifika zamu yake anarudi nyuma ya foleni, wiki mbili hivyo hivyo. Kocha hakumsukuma wala hakumwita mbele ya wenzake. Alimpeleka pembeni kwenye godoro lenye mteremko, akamwekea kitambaa kidogo kati ya kidevu na kifua, akamwambia kazi yako ni moja tu, kisidondoke. Maana kosa la wengi ni kuweka utosi chini, shingo ikabeba mwili mzima, wakati uzito unatakiwa ubebwe na mikono na ushukie sehemu ya juu ya mgongo. Ukibana kidevu kichwa kinajiingiza chenyewe. Binti akakaa pale juu kama dakika mbili hivi anaangalia chini, alafu akaenda. Alipoinuka kitambaa bado amekibana, hataki kukitoa, ananionyesha kwa kidole mpaka nimwambie nimekiona mwanangu, nimekiona. Kile kitambaa naamini kalala nacho.

Ubao wa kutembelea nao waliufanya vizuri, walibandika tepu sakafuni upana wa sentimita 10, ambao ndo upana wa ule wa mashindano, ila wa mashindano una urefu wa mita 5 na uko juu mita 1.25. Mwanafunzi wangu mwenye mbio kuliko wote hakuweza kusimama mguu mmoja macho yamefungwa hata kuhesabu tano! Wakati wa kupumzika kocha akawasimulia Nadia Comaneci, binti wa jimnastiki wa Romania, Olimpiki ya Montreal 1976, miaka 14, kapata alama 10 kamili na ubao wa matokeo ukaandika 1.00 sababu haukutengenezwa kuonyesha 10. Ukumbi wetu mzima kimya.

Sasa mapungufu. Wiki mbili za kwanza watoto 34 na magodoro manne, foleni ndefu, na mtoto akisubiri sana anaanza kusukumana. Nikawaambia, wiki iliyofuata wakaweka vituo vitano watoto wanazunguka, tatizo likaisha. Taarifa ya mavazi na hereni ilikuja imechelewa. Kubwa ni wiki ya tisa, wanaandaa maonyesho ya wazazi, yule kaka akamkandamiza mtoto mabega ili msamba ushuke mpaka chini, mtoto akalia. Nilisimamisha pale pale. Msamba unakuja kwa kunyoosha taratibu kwa miezi na mtoto mwenyewe ndo anajua pa kuishia, haulazimishwi ili mzazi apige picha. Aliomba radhi, kwangu na kwa mtoto, na msamba ukatolewa kwenye maonyesho, lakini nyota ya tano ilipotelea hapo.

Kuna mzazi aliniuliza kama mwanae wa miaka 9 keshachelewa. Jamani hajachelewa kitu, hata kwenye jimnastiki ya Olimpiki siku hizi msichana haruhusiwi mpaka mwaka anaotimiza miaka 16, na wengi wa hawa watoto hawaendi huko, wanataka tu mwili unaowasikiliza. Mkitafuta makocha kaeni kipindi kimoja muangalie, wakianza siku ya kwanza na trampolini au kubinuka hewani toeni watoto wenu.

Muhula ujao wanarudi, nimeshaomba darasa la nne nalo liingie, na nimemwambia mwalimu mkuu sharti langu liandikwe, hakuna kumkandamiza mtoto. Kakubali. Yule binti kashaniuliza mara tatu wanakuja lini.