Dodoso la VIA: robo saa ya kuzijua nguvu zako, wiki nzima ya kuzitumia

Mtu akiuliza aanze na kipimo gani cha nguvu binafsi, aanze na dodoso la VIA (kifupi cha Kiingereza cha Values in Action). Ni la bure, hujazwa bila kukimbizwa na saa, na simu ya kawaida yenye intaneti inatosha ukishajisajili kwa barua pepe. Linasimamiwa na taasisi iliyoko Cincinnati, Marekani, na limejengwa juu ya kazi ya wanasaikolojia Christopher Peterson na Martin Seligman iliyochapishwa 2004. Hao walizitaja nguvu 24 za tabia, kama udadisi, ustahimilivu, wema, haki, kujidhibiti, shukrani na ucheshi.

Toleo la sasa lina kauli 96, nne kwa kila nguvu, na kila kauli ina majibu matano ya kuchagua. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kauli zote zinasifu, hakuna hata moja iliyogeuzwa kinyume, kwa hiyo anayeitikia kila kitu anapata alama zinazolingana karibu kote, na mpangilio wake unaamuliwa na vitofauti visivyo na maana. Kabla ya kuchagua jibu la juu kabisa, tafuta kichwani tukio halisi la mwezi uliopita linalolithibitisha. Usipolipata, shuka ngazi moja. Kuwa macho zaidi kwenye unyenyekevu, shukrani na imani: hizo tumelelewa kuzisifu, na ni rahisi kujibu tulivyofundwa badala ya tunavyoishi.

Matokeo yanakuja kama orodha kuanzia ya 1 hadi ya 24. Orodha hiyo inalinganisha nguvu zako zenyewe kwa zenyewe; haisemi kitu kuhusu wewe na jirani yako. Ya 24 si udhaifu. Tena ripoti ya bure haionyeshi alama, na nafasi ya 4 na ya 8 zinaweza kuwa zimepishana kidogo mno. Ndiyo maana zile nane za juu zinafaa kuchujwa kwa maswali matatu: ikiondolewa, nitabaki mimi? Naitumia bila kujilazimisha? Nikishaitumia nabaki na ari, au nimechoka? Kisha mwulize mtu anayekujua vizuri akutajie mambo unayofanya ukiwa katika hali yako bora, kabla hujamwonyesha orodha. Zinazokubaliana pande zote mbili ndizo za kufanyia kazi.

Ripoti za kulipia zitatangazwa mara tu ukimaliza. Hazihitajiki kwa kuanza.

Kujua peke yake hakuleti mengi. Katika utafiti wa 2005 wa Seligman na wenzake, kundi lililoambiwa litumie nguvu zake za juu mara nyingi zaidi lilipata nafuu ya muda mfupi tu. Lililotumia moja kati ya tano za juu kwa namna mpya kila siku, kwa wiki moja, liliongezeka furaha na kupungukiwa dalili za sonona hadi miezi sita baadaye. Washiriki walijitolea wenyewe kupitia mtandao, basi usitarajie kila mtu apate sawa, lakini siri iko kwenye upya. Mwenye duka mwenye udadisi awaulize leo wateja watatu ni bidhaa gani wanaifuata duka jingine. Kesho apekue daftari la mauzo aone kinacholala rafuni. Mweka hazina wa kikoba anayeongozwa na haki aandike vigezo vya zamu ya mkopo na kuvisoma mbele ya wanachama. Panga namna zote saba Jumapili jioni, la sivyo kufikia Jumatano utakuwa unarudia ya Jumatatu.

Angalia pia kuzidisha. Udadisi ukipita kiasi unakuwa upekuzi wa mambo ya watu, na ustahimilivu humng'ang'aniza mtu kwenye biashara iliyokwisha kufa.

Kipimo kingine, CliftonStrengths cha kampuni ya Marekani ya Gallup, ni cha kulipia: jozi 177 za kauli, sekunde 20 kila jozi, vipaji 34. Kinafaa timu ya kazini yenye mtu wa kuisimamia, ingawa sekunde hizo zinambana anayesoma kwa lugha ya pili. Tangazo lake kwamba kuna nafasi moja tu kati ya milioni 33 ya mwingine kuwa na vipaji vitano vya juu kama vyako, kwa mpangilio uleule, lisikuvute. Ni 34×33×32×31×30, hesabu inayojali mpangilio na kudhani vipaji vyote vimeenea sawa. Ukiacha mpangilio, unabaki na moja kati ya 278,256.

Mwajiri asilitumie dodoso la VIA kuchuja waombaji kazi. Jibu zuri linaonekana wazi katika kila kauli, na mwenye shida ya kazi atalichagua.