Masters ya cloud (kukodi kompyuta za mbali kupitia mtandao) au vyeti vya AWS (cloud ya Amazon), kwa mtu wa Mtwara kipi bora?

Huu mjadala hauishi, msimu wa korosho ukifika tu watu wana hela wanaanza kuuliza wasome nini.

Gharama, cheti kinashinda mbali. Mtihani wa AWS wa Solutions Architect (mpangaji wa mifumo) ngazi ya Associate ni dola 150, maswali 65 kwa dakika 130, unaufanya hata ukiwa chumbani kwako Shangani. Ila msimamizi anakuona kwa kamera, unapiga picha chumba pande zote, mezani pasiwe na hata karatasi, sasa umeme ukikata hapo katikati utajua hujui. Masters ni ada, geto Dar au Dodoma, na kazi huku imesimama.

Cheti kinaisha baada ya miaka 3 unarudia, digrii haina ekspaya.

Kwenye uelewa mi naipa masters bila ubishi. Cheti kinakufundisha ubonyeze wapi seva iwake Cape Town (AWS wapo pale toka 2020), masters inakulazimisha uelewe seva tano zinakubalianaje kuhusu data moja wakati mbili zimezima, mambo ya Raft hayo (kanuni ya seva kukubaliana), kichwa kinauma kweli ila hata ukihamia Azure (cloud ya Microsoft) kesho hupotei.

Kwahiyo we IT wa ofisi hapo Lindi unayetaka kuhamishia mafaili ya bosi mtandaoni, cheti kinakutosha. Unayewaza kufundisha chuo au PhD, kajipange na ada. Na ukianza na cheti zima seva ukimaliza mazoezi, ukiwa kwenye akaunti ya kulipia, salio la bure likiisha kadi inakatwa hata ukiwa umelala.