Springi na shokapu za Land Cruiser 79: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Kama una Land Cruiser pikapu ya dizeli, ile 79 yenye mkonga wa kuvutia hewa juu na injini ya 1HZ ya silinda sita, hela yako ya kwanza ya sasipensheni iende kwenye shokapu na bushi, ile mipira ya kwenye maungio. Springi zifuate, na uzichague kwa uzito unaoubeba kila siku. Kuinua gari kuje mwisho kabisa. Naona watu wengi wanaanzia hapo mwisho: gari linasimama juu kama twiga, linapendeza kwenye picha, kisha baada ya miezi michache linagonga kila mahali na mwenyewe anamlaumu fundi.

Niko Arusha. Gari hizi hapa zinakula njia ya Naabi hadi Seronera kule Serengeti, zinapanda Loliondo, zinashuka Engaresero kupitia Engaruka. Adui yao mkubwa ni mawimbi ya barabara ya vumbi. Shimo linakugonga mara moja, limeisha. Mawimbi yanaipiga shokapu bila kupumzika kwa saa nzima au mbili, na kazi ya shokapu ni kugeuza mtikisiko huo kuwa joto. Oili ya ndani ikipata moto sana inakuwa nyepesi kama maji, ikichanganyika na hewa inatoa povu, na povu halina nguvu ya kuzuia kitu. Hapo ndipo unapohisi nyuma ya gari inahama yenyewe kwenye kona.

Safari moja nikirudi kutoka Engaresero nilisimama Mto wa Mbu kunywa chai. Kabla sijaingia mgahawani nilizunguka gari nikazigusa shokapu, kwa ncha ya kidole tu maana zinaunguza. Tatu zilikuwa za moto. Ya nyuma kushoto ilikuwa vuguvugu tu, kama ya gari lililotoka kuoshwa. Shokapu isiyopata moto haifanyi kazi. Ilikuwa imekufa zamani, na mzigo wake ulikuwa unabebwa na wenzake. Jaribio hili ni la bure na linasema mengi kuliko kulisukuma gari kwa mkono ukiwa umeegesha. Ukiona pia oili inatiririka kwenye mwili wa shokapu (unyevu mwembamba si tatizo), au tairi limeliwa kwa mabonde mabonde, usisubiri.

Sasa tupange, kuanzia ununuzi wenye faida kubwa.

Nafasi ya kwanza: shokapu nne nzuri na bushi zote, springi zilezile. Kama springi zako hazijalala na hazijavunjika, hapa ndipo utakapoona tofauti kubwa kwa kila shilingi. Kwa matumizi ya wengi wetu ningechukua shokapu ya bomba mbili, moja ndani ya nyingine, yenye gesi ya naitrojeni inayozuia povu. Old Man Emu Nitrocharger ya Australia iko kundi hili, na inauzwa ikiwa imepangwa kwa ajili ya gari husika. Koni Heavy Track ya Uholanzi nayo ni ya bomba mbili, na ukiitoa kwenye gari unaweza kuikaza zaidi kadiri inavyochoka, jambo linaloirefushia maisha. Shokapu za sponji, zile wanazoziita foam cell kama za Ironman na Tough Dog, ni nene na zinabeba oili nyingi. Anayepita mawimbi kila siku na mzigo mzito azifikirie hizi kabla ya nyingine.

Bilstein ya bomba moja ni shokapu safi sana, inapoa haraka na gari linatulia barabarani. Wasiwasi wangu ni mawe. Kwenye bomba moja pistoni inakimbia kwenye ukuta uleule unaouona kwa nje, kwa hiyo jiwe likiubonyeza, pistoni inakwama na shokapu imekwisha. Ya bomba mbili ikibonyezwa kidogo mara nyingi inaendelea na kazi. Kwa lami na vumbi laini, Bilstein bila kusita. Kwa mawe ya njia ya Ziwa Natron, hapana.

Na bushi? Usiziache. Shokapu mpya juu ya bushi zilizokufa ni kama kupaka rangi nyumba inayovuja. Mpira wa kawaida wa kampuni unameza mtikisiko vizuri zaidi. Bushi za plastiki ngumu zinadumu ila zinapiga kelele na zinapeleka kila kishindo kwenye chasisi. Gari la kazi nalifunga mpira.

Nafasi ya pili: seti kamili, springi na shokapu pamoja. Hii ni ya gari ambalo springi zake zimelala, au lililobadilishwa uzito moja kwa moja: ngao ya chuma mbele, winchi, bodi la turubai, tangi la ziada. Tangu 79 ilipotoka mwaka 1999, mbele ina springi za mviringo na nyuma springi bapa za vyuma vilivyopangwa, na ekseli zote mbili ni za kipande kimoja. Watengenezaji wanatoa springi kwa madaraja ya uzito, na swali la muuzaji mzuri litakuwa: unabeba kilo ngapi siku zote? Siku zote, si siku ya harusi ya binamu. Dizeli ya lita 200 peke yake, bila pipa lenyewe, ni karibu kilo 170. Tangi la maji, kila lita ni kilo moja. Kama huna uhakika, pitisha gari mizani likiwa na mzigo wake wa kawaida, kisha tupu.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe: nilifunga springi za nyuma za mzigo mzito kuliko ninaobeba, nikidhani chuma kigumu ndiyo usalama. Gari likiwa tupu lilikuwa linaruka, tairi za nyuma haziikamati njia, na abiria mmoja, mama mtu mzima, aliniomba nimshushe atembee. Nilizitoa. Springi laini kidogo yenye shokapu nzuri inashinda springi ngumu kila siku ya mwaka.

Nafasi ya tatu: springi za parabolic. Zina vyuma vichache, vinene katikati na vyembamba kwenye ncha, na vinagusana katikati na kwenye ncha tu, hivyo msuguano ni mdogo na gari linatembea kwa ulaini. Zinamfaa anayebeba watu kuliko mizigo. Zinadai shokapu imara zaidi, kwa sababu ule msuguano wa springi za kawaida ulikuwa unasaidia kutuliza gari, na sasa haupo.

Nafasi ya nne: kuongeza chuma kwa fundi springi. Nafuu, na inapatikana kila mji. Kwa gari linalobeba mawe au mahindi karibu na mjini, sina neno baya. Ila chuma kilichotoka kwenye gari jingine hakina mkunjo wa vyuma vyako, kwa hiyo mzigo haugawanyiki sawasawa na kinachovunjika huwa ni kile cha juu chenye masikio, au kwenye tundu la bolti ya katikati. Ukilazimika, chagua chuma chenye upana na unene uleule, na ufunge pande zote mbili.

Nafasi ya tano: mabegi ya hewa, mifuko ya upepo inayowekwa kati ya ekseli na chasisi. Yanasaidia anayevuta trela mara chache kwa mwaka. Kwenye springi bapa begi linasukuma chasisi sehemu moja tu, wakati springi inagawa mzigo sehemu mbili, mbele na nyuma. Pikapu nyingi zilizozidishwa mzigo juu ya mabegi zimepinda chasisi. Begi halikuongezei kilo unazoruhusiwa kubeba.

Usinunue kabisa: vipande vya chuma vya kuinulia, vinavyowekwa kati ya ekseli na springi, na viungo virefu vya kushikia springi nyuma. Vinaiachia ekseli ijikunje unapokanyaga mafuta, na vinabadilisha pembe ya propela. Urefu wa salama unaokuja na seti nzuri ni milimita 40 hadi 50. Zaidi ya hapo usukani unapoteza tabia ya kurudi wenyewe na utahitaji kurekebisha pembe ya ekseli ya mbele. Na kama usukani wako unatetemeka kwenye spidi fulani, usikimbilie kununua shokapu ya usukani, itaficha ugonjwa tu. Kagua kwanza bushi za fimbo ya Panhard, ile inayozuia ekseli ya mbele isihame pembeni, na beringi za kingpini, pale tairi la mbele linapogeukia.

Ukishanunua, simama na fundi siku ya kufunga. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, za zamani zimeshavutika. Nati za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa tairi zikining'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejisokota na utachanika mapema. Kama gari lako lina ile valvu ya breki ya nyuma yenye fimbo iliyoungwa kwenye ekseli, lazima irekebishwe baada ya kuinua, la sivyo itadhani gari liko tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu. Mafundi wengi wanairuka hatua hii, nawe utaigundua siku umejaza mzigo unashuka mlima.

Kwenye mawimbi punguza upepo wa tairi, mathalani kutoka psi 40 hadi 28, ukumbuke kuurudisha ukifika lami. Na ukishatembea kilomita 500, ingia uvunguni na spana, kaza yubolti zote upya.