Canon 55-250 au 75-300: lenzi ipi kwa anayeanza Arusha?

Kwa bei, 75-300 III inavutia, na hiyo 300, yaani kuvuta hadi milimita 300, inashawishi. Tatizo, haina kidhibiti cha mtikisiko. Ingia msitu wa Ngurdoto, Hifadhi ya Arusha, umlenge mbega juu mtini: mwanga hafifu, mkono unacheza, manyoya meupe ya mkia yanatoka kama ukungu. Ukiivuta hadi mwisho, picha inakosa ukali hata juani.

55-250 IS STM inatuliza mtikisiko, inafokasi kimya kimya, na ina gramu 375 dhidi ya 480. Milimita 50 unazopoteza ni kidogo mno. Mimi ningechukua hii, hata ya mtumba.

Ila kama kamera yako ni DSLR (kamera yenye kioo ndani) ya fulu fremu, yaani yenye kihisi kikubwa cha picha, 55-250 haiingii kwenye kamera. Hapo 75-300 ndiyo yako.